Vijia vya milima ya mawe Mwanza: kuvipita kwa miguu na baiskeli, na kuvitunza visiliwe na mvua

Mwanza haina uhaba wa njia. Kuanzia Bugando na Isamilo hadi Kiloleli, Nyegezi na Luchelele, kila kilima cha mawe kina kijia chake, kilichokanyagwa na wanafunzi, wachota maji, wachungaji na wapondaji kokoto kabla mtu hajafikiria kukipanda kwa starehe. Kinachokosekana ni matunzo. Kijia kikishachimbika mfereji katikati, watu huhamia pembeni, pembeni nako kukichimbika huhamia tena, na baada ya masika mbili tatu kilima kinabaki na kovu la mita tano. Mpandaji halitaki, na mwenye nyumba iliyo chini halitaki zaidi, kwa kuwa mchanga wote unaishia mlangoni kwake. Kwa hiyo hapa tunaeleza kwanza namna ya kupita, kisha namna ya kushika jembe, na jembe limepewa nafasi kubwa makusudi.

Msimu na saa

Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha kupanda. Masika, Machi hadi Mei, jiwe linateleza na udongo unakatika. Vuli, Oktoba hadi Desemba, unaweza kupanda kwa kuangalia mawingu, lakini huo ndio msimu wa matengenezo, kama tutakavyoona.

Jua huchomoza Mwanza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi kutegemea mwezi. Anza kwa mwanga wa kwanza, uwe umeshuka kabla ya saa nne, maana jiwe tupu likishashika joto hukupiga jua kutoka juu na kutoka chini. Ukipanda jioni, anza saa kumi na ubebe tochi hata kama unaona hutaihitaji. Karibu na ikweta jua likizama giza halichelewi. Una dakika ishirini hivi za kuona unapokanyaga.

Waendesha baiskeli wa kando ya ziwa wana sababu nyingine ya kuwahi. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja bara, na mchana huwa na nguvu ya kukuchosha kuliko kilima. Panga njia ili upepo huo ukukute ukiwa unarudi nao mgongoni.

Pa kuanzia

Capri Point ni fupi na haina kupotea, inamfaa mtu wa siku ya kwanza. Karibu yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013, yenye kilomita za mraba 2.18 pamoja na eneo lake la maji. Unavuka kwa boti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kulipa kiingilio. Njia zake zinatunzwa, kuna pimbi, tumbili na swala pala, na ni mahali pazuri pa kumfundisha mtoto kutembea juu ya mawe. Baiskeli iache ng'ambo.

Kwa baiskeli, anzia Nyegezi, pita Malimbe hadi Luchelele, halafu urudi ulikotoka. Ukishazoea, nenda kaskazini kupitia uwanja wa ndege hadi Igombe na Kayenze. Huko utapita kwenye mialo ya wavuvi, na dagaa huanikwa chini juu ya nyavu au kwenye vichanja. Shuka, sukuma baiskeli. Vumbi la gurudumu likitua kwenye dagaa mbichi, mama aliyewaanika amepoteza bei, na kijia hicho kitakuwa na maneno siku nyingine ukirudi.

Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, ipo Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Mahali panastahili safari, ila barabara yenyewe haistahili. Malori na mabasi yanakimbia na bega la lami ni jembamba. Tafuta njia za ndani za vumbi, au pakia baiskeli kwenye gari hadi Kisesa, uzungukie vijiji kutoka hapo. Upande wa kusini, Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lililofunguliwa Juni 2025, limefungua njia ya baiskeli kwenda Sengerema bila kusubiri kivuko. Juu ya daraja jiandae kwa upepo wa ubavuni, shika usukani kwa mikono yote miwili.

Lakini atakayeuliza ni wapi hasa pa baiskeli ukanda huu, jibu ni Ukerewe. Magari ni machache, baiskeli ni usafiri wa kila siku kwa hiyo fundi hakosekani, na milima haikuui. Kutoka Mwanza meli hadi Nansio huchukua kama saa tatu. Wanaotokea Bunda huvuka Kisorya hadi Rugezi. Baiskeli ikatiwe tiketi ya mzigo. Ifunge kwa fremu, si kwa gurudumu, maana mzigo mwingine ukiegemea gurudumu lililofungwa rimu hupinda. Toa pampu na mkoba, kaa navyo. Na kabla chombo hakijaondoka, hakikisha umeona jaketi la kuokolea liko wapi.

Kutembea juu ya jiwe

Mawe ya Mwanza ni matale, jiwe lenye chembe kali zinazoshika soli vizuri likiwa kavu. Watu huanguka kwa sababu tatu, na zote zinaonekana kabla ya kukanyaga.

Ya kwanza ni michirizi myeusi. Kila jiwe kubwa lina mistari myeusi inayoshuka kutoka juu. Hapo ndipo maji hupita, na kuna uoto mwembamba juu yake. Ukiwa mkavu unapitika. Ukilowa, hata kwa umande tu, hakuna soli itakayoshika. Panda katikati ya mistari, kwenye jiwe lenye rangi ya kijivu au waridi.

Ya pili ni magamba. Jiwe hili hubanduka tabaka kwa tabaka kwa joto na baridi, na gamba la unene wa vidole vitatu linaweza kukaa juu ya jiwe kama sehemu yake wakati limeshaachana nalo. Ligonge kwa kisigino au fimbo. Likitoa sauti ya kitu kitupu ndani, usilikanyage ukingoni wala usilishike kwa mkono ukijivuta.

Ya tatu, inayowaangusha wengi, ni changarawe laini iliyomeguka kutoka kwenye jiwe na kulala juu ya mwamba mgumu. Inazunguka chini ya kiatu kama gololi. Wakati wa kushuka, kanyaga kwa unyayo mzima, kunja magoti, na uweke uzito juu ya miguu. Anayeogopa huegemea nyuma, kisigino kinabaki peke yake, na ndivyo anavyokalia.

Viatu: raba yenye soli laini ya mpira ni bora kuliko buti zito lenye soli ngumu. Katambuga hushika vizuri kwenye jiwe kavu, lakini mguu ukitoka jasho huteleza ndani yake, na kwenye nyasi ndefu hazikingi kitu. Vaa suruali ndefu. Usiweke mkono ndani ya ufa ambao huoni ndani yake: kuna nyuki, na kuna nyoka. Mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayetikisa kichwa juu ya jiwe hana neno na mtu.

Nyuki wakitoka, kimbia bila kuwapigapiga, funika uso kwa shati, na usisimame mpaka uingie ndani ya nyumba au uwaache mbali. Nyuki aliyepondwa hutoa harufu inayowaita wengine. Miiba iliyobaki kwenye ngozi ikwangue haraka kwa ukucha au kadi. Nyoka akiuma: mtulize mtu, funga kiungo kwa gongo na kitambaa kisichezecheze, vua pete na saa, mbebe au mpakie bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, moja kwa moja hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, wala usipoteze saa nzima kutafuta jiwe la nyoka.

Maji, radi na ziwa

Beba nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea, na lita nzima kwa saa ukiwa kwenye kilima kisicho na kivuli. Juu ya mawe hakuna kisima. Chakula kinachofaa kuliko biskuti kipo sokoni: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, haviharibiki mkobani, havipondeki, na vinashibisha. Changanya na karanga za kukaanga zenye chumvi. Weka na pakiti mbili za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya duka la dawa.

Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Gawa kwa tatu, utapata kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde thelathini, shuka kileleni sasa, na usipande tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujibanza chini ya jiwe lililoegemea au mti uliosimama peke yake si kujikinga.

Ziwani ukishuka na jasho, hamu ya kuoga ni kubwa, na kichocho kiko majini. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini yaliyotulia kando ya majani, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali katikati ya mchana. Kunawa kwa maji ya ndoo yaliyochotwa wakati huohuo hakukusaidii. Oga nyumbani. Aliyekwisha kuingia majini apime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Kwenye mafunjo, hasa magharibi na alfajiri, jihadhari na kiboko: usisimame kati yake na maji.

Baiskeli

Ya gia nyingi inakufaa milimani, lakini ile ya kawaida ya gia moja yenye tairi kubwa la inchi 28 inatosha Luchelele na Ukerewe. Kabla ya kuondoka, tumia dakika tano: bonyeza breki zote mbili huku ukisukuma baiskeli mbele, na magurudumu yagome kabisa, angalia mpira wa breki, kama mifereji yake imekwisha badilisha, tikisa kila gurudumu kulia na kushoto, likicheza kaza nati, shika spoku mbilimbili kwa vidole, iliyolegea utaijua.

Mnyororo upime kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hesabu pini 24 mbele: mnyororo mpya ni milimita 305 hivi. Ukifika 307, badilisha. Ukiuacha ufike 308 na zaidi utakuwa umeshakula meno ya gia, na mnyororo mpya utaruka juu ya meno ya zamani. Badala ya kununua kimoja utanunua vyote.

Upepo wa tairi ndio unaokosewa kuliko kitu kingine. Fundi wa mjini hujaza mpaka tairi liwe gumu kama alivyozoea kwa baiskeli za mizigo. Kwa tairi la inchi 26 lenye upana wa inchi 2, mtu wa kilo 60 hadi 75 aweke paundi 30 hadi 40 kwenye njia za vumbi. Tairi la inchi 28 lililo jembamba, paundi 45 hadi 55. Gumu kupita kiasi litarukaruka juu ya changarawe na kukutupa kwenye kona. Laini kupita kiasi, jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili.

Kwenye changarawe punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na breki ya mbele iguse kidogo tu. Kwenye mchanga mwingi tumia gia nyepesi, sogeza uzito nyuma, endelea kukanyaga, usikate usukani ghafla.

Pancha za huku huletwa na miiba ya migunga na mbigili. Beba tyubu ya akiba, vijiko viwili vya kutolea tairi, viraka, msasa, solusheni ambayo haijakauka (bana kidogo kabla ya kuondoka uone inatoka) na pampu inayolingana na vali yako. Hapo wengi hukwama: baiskeli za kawaida zina vali nyembamba yenye kijipira ndani, za gia nyingi zina vali nene kama ya gari, na pampu ya moja haiingii kwenye nyingine.

1. Toa upande mmoja tu wa tairi. Vuta tyubu, ijaze, sikiliza au izamishe kwenye maji. Weka alama ya kalamu tundu lilipo.
2. Kabla ya kuziba, tafuta kilichotoboa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitanasa penye mwiba. Ukiruka hatua hii utaziba tena baada ya mita mia mbili.
3. Soma tundu. Matundu mawili sambamba: upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaokaa kwenye rimu: ncha ya spoku imejitokeza, au ule ukanda wa kufunika spoku umesogea.
4. Kausha, piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka ng'aro iishe. Paka solusheni nyembamba. Subiri dakika tatu hadi tano, mpaka isinate kidole. Kiraka kinachobanduka ni cha mtu asiyesubiri.
5. Bandika, kandamiza dakika mbili, nyunyiza vumbi kavu pembeni ili tyubu isigande kwenye tairi. Rudisha, jaza kidogo, hakikisha tyubu haikubanwa, ndipo ujaze hadi mwisho.

Jambo la mwisho la baiskeli linahusu udongo. Ardhi ya luseni, ile ya kichanga ya miinuko, hunyonya maji na unaweza kuipita saa chache baada ya mvua. Udongo mweusi wa mbugani hauwezekani: hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, na alama ya tairi lako ikikauka inabaki mfereji msimu mzima. Tairi likiacha alama ya kina kuzidi sentimita mbili, geuza.

Watu wa njiani

Kijia kinapita uwanjani kwa mtu. Asubuhi "Mwangaluka", mchana na jioni "Mwadila", na kwa mzee shikamoo kwanza kabla ya swali lolote. Ukiulizwa na walinzi wa mtaa au sungusungu unakwenda wapi, jibu vizuri. Ni kazi yao, na siku ukiumia ndio watakaokubeba. Usikate katikati ya ngitili, eneo la malisho lililofungwa ili majani yakue, hata kama halina uzio. Baadhi ya mawe ni ya matambiko. Uliza wazee, na ukiambiwa usipande usipande, usitafute jibu la pili kwa kijana wa pembeni. Nunua ndizi, karanga na maji palepale, na anayekuongoza umlipe mlichopatana kabla ya kuanza. Watoto usiwape pesa kwa kufungua njia. Mwaka unaofuata watakuwa wanaifunga.

Sasa jembe

Kwenye kilima cha kawaida mvua hunywewa na udongo kiasi. Kwenye kilima cha mawe hainywewi kabisa: jiwe tupu la ukubwa wa kiwanja cha mpira humwaga kila tone lililoliangukia, yote pamoja, kwenye mguu wake. Hapo ndipo vijia vyetu vingi vinapita. Kwa hiyo usianze kwa kujaza mashimo. Udongo unaojazwa kwenye mfereji bila kuyahamisha maji huondoka mvua ya kwanza, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa zaidi Mwanza yote, kila mwaka, kwa bidii, bila faida.

Kwanza ruhusa. Mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kwa barua fupi yenye jina la njia, siku, na kazi. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu uko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Kando ya ziwa kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hapo usijenge kibanda wala kumwaga zege, na mafunjo yaache. Siku rahisi ya kuwapata watu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni ya usafi. Mwezi mzuri ni Oktoba au Novemba, mvua chache za kwanza zikishalainisha ardhi. Kiangazi utavunja mpini wa sururu bure.

Kisha, jambo ambalo watu hawapendi: pita njia wakati mvua inanyesha, isipokuwa kuna radi. Chukua vigingi vya kutia alama, vipande vya vijiti. Pale maji yanapoingia njiani chomeka kimoja, pale yanapotoka chomeka kingine. Umbali kati ya hivyo viwili ndio ugonjwa. Njia nzima inaweza kuwa na sehemu nne tu za kurekebisha.

Kupima mwinuko tengeneza fremu A, ileile anayotumia bwana shamba kupanga makinga maji:

1. Miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge juu, itanue chini mpaka miguu iachane mita 2. Funga mti wa tatu wa kukatiza katikati ya urefu wa hiyo miwili, pale ilipoachana mita moja hivi.
2. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni, ipite mbele ya mti wa kukatiza.
3. Isimamishe hata mahali pasipo usawa, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza. Geuza miguu ibadilishane nafasi zilezile, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa.
4. Funga kijiti cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja: kamba ikisoma usawa, mwinuko wa njia ni asilimia 10. Kijiti cha sentimita 10 ni asilimia 5.

Kanuni mbili zinakutosha. Njia isizidi wastani wa asilimia 10. Na isizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapokatiza: ubavu ukiwa asilimia 12, njia isipite 6. Ikizidi hapo maji hayavuki njia, yanaifuata, yanaifanya mto. Kijia kinachopanda moja kwa moja juu hakina tiba. Kihamishe kipande hicho kikatize ubavu.

Mahali ambapo njia yenyewe ni nzuri ila maji yameng'ang'ania, chimba kitoa maji. Chagua sehemu ambayo upande wa chini wa njia uko wazi. Ondoa tuta la udongo lililojijenga ukingoni. Mara nyingi hilo peke yake ndilo linaloyafungia maji ndani. Kisha kwangua uso wa njia nusu duara la urefu wa mita 3, ulalie nje: kwa njia ya upana wa sentimita 80, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 12 hivi. Endeleza mkondo hatua mbili nje ya njia, mwisho wake uwe mpana, weka mawe maji yanapoangukia. Udongo uliotoa tupa mbali chini, usiurundike ukingoni. Sehemu nyingine zote za njia zilalie nje sentimita 4 tu kwa upana huohuo. Kwenye mteremko mkali rudia kila mita 10 hadi 15, na kwenye luseni vikaribiane zaidi ya hapo. Mwendesha baiskeli hatajua amepita juu yake.

Gogo lililolazwa kukatiza njia ni jibu linalopendwa na ndilo baya. Mchanga hujaa nyuma yake msimu mmoja, maji hulizunguka, na likilowa ni mtego wa gurudumu. Pakihitajika kikinga, tumia mawe makubwa, theluthi mbili zikiwa ardhini, yakikatiza njia kwa pembe ya digrii 45 au zaidi.

Chini ya jiwe kubwa, pale maji yote yanapoanguka, kitoa maji hakitatosha. Jenga drifti ndogo, yaani kipande cha njia kilichopangwa mawe ili maji yapite juu yake bila kuichimba. Chimba kina cha sentimita 20 upana wote wa njia na urefu wa mita 2, simamisha mawe bapa kwa ubavu yakibanana, upande mrefu ukiingia chini, mstari wa katikati ukiwa chini kuliko pande mbili. Shindilia changarawe kwenye nafasi kwa mtaimbo. Jiwe lolote linalocheza ukilikanyaga ling'oe na ulipange upya, kwa kuwa maji yataanzia hapo. Mawe okota pembeni. Marundo yaliyopangwa ni mali ya wapondaji kokoto. Yanunue au yaache.

Njia za mkato kwenye kona ndizo zitakazoharibu kazi. Ziba juu na chini kwa matawi ya migunga yenye miiba, parua udongo ulioshindiliwa, panda ukoka. Ukitaka uzio wa kudumu minyaa hushika haraka, lakini utomvu wake hupofusha: kata ukiwa umevaa miwani au ukiwa umegeuza uso, nawa mikono kabla ya kugusa jicho, na usiipande penye watoto wanaopita kila siku. Alama za rangi kwenye mawe tusiongeze. Matangazo na majina ya wapenzi yametosha.

Kwa asubuhi moja, kundi la watu wanne lenye majembe mawili, sururu, koleo na reki lipange vitoa maji vitatu, si kumi. Drifti moja ni kazi ya watu sita wenye mtaimbo na toroli, siku nzima. Anayechimba na anayepita na panga wasikaribiane chini ya mita 3, na mtu asisimame chini ya jiwe linaloviringishwa. Piga picha kila mahali kutoka sehemu ileile kabla na baada. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, rudini wawili na reki: majani na mchanga vitakuwa vimeanza kuziba midomo ya vitoa maji, na kuvizibua ni kazi ya dakika tano kila kimoja.